SANAA YA PAMOJA, SURA YA MTU MMOJA: UHAKIKI WA UFUNDISHAJI WA MAISHA YA DOLORES HUERTA

Utangulizi

Katika elimu ya siasa, namna ya kufundisha ni sehemu ya kinachofundishwa. Mkufunzi anayehubiri usawa kwa saa mbili mfululizo, huku wanafunzi wake wamekaa kimya wakinakili, amefundisha kunakili. Usawa bado haujafundishwa. Kwa hiyo kada anayeandaa somo hana budi kujiuliza maswali mawili kwa pamoja: maneno yangu yanasema nini, na mpangilio wa darasa langu unasema nini?

Makala hii inachunguza njia moja ya kufundisha iliyoenea sana katika shule za Marekani, na ambayo sasa inaigwa kwingineko: njia ya kuwafanya wanafunzi watengeneze kwa pamoja picha moja kubwa ya kiongozi wa mapambano. Walimu wengi wameipokea kwa shangwe, kwa kuwa ndani yake mna mambo yanayopendeza kila mwelimishaji: umoja, ushirikiano, kazi ya mikono. Mfano wetu ni namna inavyotumika kufundisha maisha ya Dolores Huerta, mtetezi wa vibarua wa mashambani na wa haki za raia katika jimbo la California. Mfano huu unafaa kwa sababu mapambano yale yalizaa sanaa yake yenyewe. Tunaweza basi kuweka bega kwa bega sanaa iliyofanywa na wafanyakazi wakiwa katika mgomo, na sanaa inayofanywa shuleni kuhusu wafanyakazi hao.

Swali letu ni hili: sanaa huwa ya pamoja kwa sababu ya wingi wa mikono iliyoifanya, au kwa sababu ya wingi wa vichwa vilivyoamua ifanywe vipi?

Jinsi picha inavyotengenezwa

Mwalimu huanza na picha ya uso wa kiongozi. Picha hiyo hugawanywa katika miraba iliyo sawa, tuseme thelathini. Kila mwanafunzi hupewa mraba mmoja wenye mistari iliyokwisha kuchorwa, pamoja na maelezo ya rangi ya kutia kila sehemu. Mara nyingi hajui kama anachokitia rangi ni shavu, ni ukosi wa blauzi au ni anga. Mwishoni miraba hubandikwa ukutani kwa kufuata namba zilizoandikwa nyuma, na hapo ghafla uso unatokea. Watoto hupiga makofi. Mwalimu hueleza kwamba kila mmoja alikuwa wa lazima, kwa maana mraba mmoja ukikosekana uso unabaki na tundu.

Tuseme haki palipo na haki. Njia hii haihitaji vifaa vya ghali. Inamshirikisha mwanafunzi mwenye haya ambaye katika mjadala hafungui kinywa. Na hilo somo la tundu si somo la uongo: mgomo nao huvunjika pale wachache wanaporudi kazini.

Lakini tutazame mahusiano ya uzalishaji ndani ya darasa hilo. Ni nani aliyechagua picha? Mwalimu. Ni nani aliyeigawa kazi? Mwalimu. Ni nani tangu mwanzo aliyejua kazi nzima itakuwaje? Mwalimu peke yake. Mwanafunzi amefanya kipande, amefuata namba, kisha ameonyeshwa zao la jasho lake kama kitu kigeni cha kumshangaza. Kwa maneno mengine, darasa linajifunza habari za kibarua aliyegoma kwa kufanya kazi kama kibarua ambaye bado hajagoma.

Historia iliyofichwa na uso

Ili kuona uzito wa kasoro hii, hatuna budi kurudi kwenye historia yenyewe.

Mwaka 1935 Marekani ilitunga sheria iliyowapa wafanyakazi wa viwandani haki ya kujiunga na vyama vyao na kujadiliana na waajiri. Vibarua wa mashambani waliachwa nje ya sheria hiyo. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1964 wenye mashamba waliruhusiwa pia kuleta wanaume kutoka Meksiko kwa mikataba ya muda, na kwa njia hiyo kila dai la kuongezewa ujira liliweza kujibiwa kwa kuletwa mikono mingine. Katika mashamba mengi kibarua alilimia jembe lenye mpini mfupi, akaudhoofisha mgongo wake kwa kuinama kutwa, huku mnyapara akiweza kumtambua mara moja aliyesimama kujinyoosha. Jembe hilo lilipigwa marufuku California mwaka 1975 tu.

Huerta alizaliwa tarehe 10 Aprili 1930 katika mji wa wachimba makaa wa Dawson, New Mexico, akakulia Stockton, California. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliacha kazi hiyo baada ya kuona watoto wa vibarua wakija darasani na njaa, bila viatu; aliona kwamba angewasaidia zaidi kwa kuwaunganisha wazazi wao kuliko kwa kuwafundisha watoto wenye matumbo matupu. Kada na atazame vizuri hapo. Mwalimu huyu hakulidharau darasa; alitambua kwamba mzizi wa tatizo la darasa ulikuwa shambani.

Kazi ya kuunganisha watu alijifunza kwa Fred Ross, mwanaharakati aliyeeneza njia ya mikutano ya nyumbani. Watu wachache hukutana sebuleni kwa mwenzao, wakaeleza shida zao, wakabishana, na kila mmoja akaondoka na kazi ya kufanya. Kwa mikutano ya namna hiyo, Huerta na Cesar Chavez na wenzao walianzisha chama cha vibarua wa mashambani mwaka 1962.

Tena, mgomo mkubwa wa zabibu wa Delano haukuanzishwa na chama hicho. Tarehe 8 Septemba 1965 walioweka chini visu vyao vya kuvunia walikuwa vibarua Wafilipino, wakiongozwa na Larry Itliong na wenzake katika chama kingine. Walidai dola 1.40 kwa saa. Tarehe 16 Septemba vibarua wenye asili ya Meksiko walipiga kura ya kujiunga nao. Kura hiyo ndiyo kitovu cha historia nzima, kwa sababu kwa miaka mingi wenye mashamba walikuwa wametumia kabila moja kuvunja mgomo wa kabila jingine. Mwaka 1966 vyama viwili viliungana. Huerta, ambaye hakuwa mwanasheria, alijadiliana na waajiri mkataba wa kwanza. Baadaye alikwenda New York kuongoza kampeni ya kususia zabibu, na tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba wa Delano wakatia saini mikataba. Mwaka 1972 huko Arizona, alipoambiwa kwamba katika jimbo lile hakuna kinachowezekana, alijibu kwa Kihispania kwamba inawezekana, na jibu lake likawa kaulimbiu ya harakati zote. Mwaka 1988, akiwa katika maandamano San Francisco, alipigwa virungu na polisi hadi mbavu zikavunjika na bandama likaharibika.

Sasa tuulize: katika miraba thelathini ya uso, kura ya tarehe 16 Septemba iko mraba gani? Jembe fupi liko wapi? Wafilipino wako wapi? Hawamo, wala hawawezi kuwamo, kwa kuwa uso wa mtu mmoja hauna mahali pa kuweka uamuzi wa watu wengi.

Sanaa ya wagomaji wenyewe

Wapo watakaosema kwamba haya ni mengi mno kuyadai kutoka kwenye mchoro. Jibu letu ni kwamba vibarua wenyewe waliyadai, na wakayapata.

Tuanze na bendera ya chama chao: tai mweusi ndani ya duara jeupe juu ya kitambaa chekundu. Richard Chavez alipomchora tai huyo mwaka 1962, mabawa yake yalitengenezwa kwa mistari iliyonyooka yenye pembe kama ngazi. Sababu yake ni ya kisiasa. Mistari iliyonyooka ingemwezesha mwanachama yeyote, hata ambaye hajawahi kushika brashi, kumchora tai huyo mwenyewe kwenye kitambaa chake. Hapa tunaona tofauti yote. Mtoto wa shule akirudi nyumbani hawezi kuurudia uso wa Huerta, maana alijua mraba wake tu. Kibarua wa Delano aliijua alama nzima, na aliweza kuizaa tena popote alipotumwa.

Mfano wa pili ni tamthilia. Mwaka 1965 Luis Valdez alianzisha kikundi cha maigizo miongoni mwa wagomaji, kikaitwa El Teatro Campesino. Jukwaa lao lilikuwa nyuma ya lori la wazi, kandokando ya mashamba. Waigizaji walikuwa vibarua. Walivaa vibao shingoni vilivyoandikwa mhusika ni nani: huyu mwenye shamba, huyu mvunja mgomo, huyu mgomaji. Kibarua aliyevaa kibao cha mwenye shamba alilazimika kufikiri: bwana huyu anasema nini, anaogopa nini, faida yake inatoka wapi? Hakupewa mstari wa kutia rangi. Alitoa hoja kutokana na maisha yake, na watazamaji waliokuwa bado kazini waliweza kumjibu kutoka shambani.

Mfano wa tatu ni wa vijana, na kwa walimu ndio wenye faida zaidi. Katika miaka ya 1970 msanii Judith Baca alianza kuchora historia ya California kwenye ukuta wa mfereji mkubwa wa maji mjini Los Angeles. Kazi hiyo ina urefu wa futi 2,754, karibu mita 840, na ilifanywa na vijana zaidi ya 400 katika vipindi kadhaa vya kiangazi. Kabla ya rangi kulikuwa na utafiti: walikutana na wanahistoria, wakawasikiliza wazee, wakajadili jambo gani lichorwe. Brashi ilikuja baada ya mjadala.

Hatusemi kwamba uso wa kiongozi ni haramu. Mwaka 1989 Yreina Cervántez alichora chini ya daraja mjini Los Angeles mchoro unaoitwa La Ofrenda, yaani Sadaka, na katikati aliweka sura ya Huerta. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kwa miaka mingi masimulizi ya mgomo yaliwataja wanaume, na mwanamke aliyejadiliana mikataba, mama wa watoto kumi na mmoja, alisukumwa pembeni mwa picha. Kumrudisha katikati ni kusahihisha historia. Lakini anayesahihisha hana budi kujua ni kosa gani analisahihisha. Mwanafunzi asiyejua kwamba Huerta aliwahi kuondolewa kwenye picha hawezi kutambua maana ya kurudishwa kwake.

Mikono mingi, kichwa kimoja

Msomaji wetu anavifahamu vinyago vya Wamakonde viitwavyo ujamaa: watu wengi wamepandana na kushikamana katika gogo moja la mpingo. Kwa kawaida mchongaji wake ni mmoja, lakini ndani ya gogo hilo wamo wengi, na kila mmoja amembeba mwenziwe. Picha ya miraba ni kinyume chake: mikono ni mingi, na anayetokea ni mmoja. Kinyago kinatuonyesha kwamba wingi wa mikono peke yake hauthibitishi chochote. Hata piramidi za Misri zilijengwa na wengi.

Ugonjwa huu hauko mbali nasi. Ngonjera ni sanaa ya mabishano: mmoja huuliza, mwingine hupinga, hoja hukua hadi ukweli udhihirike. Lakini ni mara ngapi tumewaona wanafunzi wamepangwa mstari mbele ya mgeni, wakikariri ngonjera waliyotungiwa, huku mbishi na mjibu wote wakiwa wamepewa maneno na mkono ule ule? Watu wazima husema watoto wamefanya vizuri, ilhali hakuna mtoto aliyebishana. Umbo la mjadala limebaki, mjadala wenyewe umekufa. Picha ya miraba ni ndugu wa ngonjera ya kukariri.

Watawala wanaogopa nini

Kuna ushahidi mwingine, nao umetolewa na wapinzani wa Huerta wenyewe.

Mwaka 2006 Huerta alizungumza na wanafunzi wa sekondari mjini Tucson, Arizona, akasema maneno makali juu ya chama cha Republican na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mkuu wa elimu wa jimbo alikasirika, na hasira hiyo ikaelekezwa kwenye masomo ya historia na fasihi ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko yaliyokuwa yakifundishwa Tucson. Mwaka 2010 jimbo likatunga sheria dhidi ya masomo hayo, na mwaka 2012 yakafungwa. Wanafunzi na walimu walikwenda mahakamani, na mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliamua kwamba hatua ile ilisukumwa na chuki ya rangi. Mwaka huo huo wa 2010 bodi ya elimu ya jimbo la Texas ilimwondoa Huerta katika orodha ya raia wema wanaofundishwa darasa la tatu, na msimamo wake wa kisoshalisti ukatajwa kuwa sababu.

Kwa upande wa pili, California iliitangaza mwaka 2018 tarehe 10 Aprili kuwa Siku ya Dolores Huerta, na shule zikahimizwa kuiadhimisha. Hilo ni jema. Lakini kada achukue fundisho kutoka Tucson. Kilichopigwa vita pale ni wanafunzi waliosoma, wakauliza, wakahusisha historia na hali yao. Picha ya rangi ukutani haimsumbui mwenye shamba yeyote. Anaweza hata kuifadhili. Kiongozi akibaki uso tu, huwa salama kwa kila mtu, pamoja na wale aliopambana nao.

Njia iliyo bora

Uhakiki usiotoa njia ni manung'uniko. Tunapendekeza mkufunzi aanze na mfano wa mkutano wa nyumbani.

Kwanza, darasa ligawanywe katika vikundi vya watu watano au sita, na kila kikundi kipewe swali badala ya mraba. Kwa nini sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani? Nani walianza mgomo wa Delano, na kwa nini wengine walikubali kujiunga nao? Jembe fupi lilimfaidia nani? Familia ziliishije kipindi cha mgomo? Kwa nini kususiwa zabibu New York kulimuumiza mwenye shamba wa California?

Pili, kila kikundi kilete mbele ya wote jambo moja ambalo lazima lionekane katika picha, na kitetee hoja yake. Nafasi ya ukuta ina mipaka, kwa hiyo patakuwa na ubishi. Huerta awe mkubwa kiasi gani? Itliong akae wapi? Polisi wa 1988 wawemo au wasiwemo? Mkufunzi asiuharakishe ubishi huo, kwa maana ndio somo lenyewe. Darasa liamue kwa kura, na hoja za walioshindwa ziandikwe kando ya picha ili mtazamaji azione.

Tatu, michoro iwe sahili. Fundisho la tai wa Fresno ni kwamba alama njema ni ile ambayo kila mwanachama anaweza kuichora tena. Asiwepo mwanafunzi mmoja hodari anayewachorea wengine.

Nne, kipimo. Mkufunzi asimuulize mwanafunzi kuhusu sehemu yake mwenyewe. Amwulize kuhusu sehemu ya mwenzake: kwa nini ipo, nani aliipinga, na kwa nini ilishinda. Akijibu, kazi ilikuwa ya pamoja. Akishindwa, basi palikuwa na vibarua thelathini na mnyapara mmoja.

Watakuwapo wanaosema kwamba watoto wadogo hawayawezi haya. Lakini mtoto wa darasa la tatu anajua njaa ni nini, anajua kuonewa ni nini, na anajua kubishana kuliko sisi. Watakuwapo pia wanaosema muda hautoshi. Ni kweli kwamba njia hii inahitaji vipindi vitatu au vinne mahali ambapo miraba inahitaji kimoja. Mkutano wa nyumbani nao ulikuwa wa polepole kuliko hotuba ya uwanjani, lakini ndio uliojenga chama kilichostahimili mgomo wa miaka mitano.

Hitimisho

Mwaka 2013 California ilitunga sheria iliyotaka mchango wa Wafilipino katika mapambano ya mashambani ufundishwe shuleni. Ilikuwa imepita karibu nusu karne tangu mgomo uanze. Kwa muda wote huo nyuso chache zilikuwa zimewakilisha umati, na umati ukasahauliwa na watoto wake wenyewe. Hayo ndiyo madhara ya historia ya nyuso. Hupunguza idadi ya watu wanaoamini kwamba wao nao wanaweza kutenda, kwa sababu huwafundisha kwamba wenye kutenda ni wale walioko ukutani.

Kada anayefundisha maisha ya kiongozi yeyote wa wafanyakazi na ajiulize, kabla hajafungua kopo la rangi: wanafunzi hawa wataamua nini? Kama jibu ni kwamba hawataamua chochote, basi aahirishe kununua rangi, apange kwanza viti vya darasa katika duara.